"Mzigo mzito haukimbii" na uongo mwingine wa ruti ya Kigoma–Tabora

Mi hii ruti nimeipiga na fuso miaka kadhaa sasa, kwenda na mawese na dagaa, kurudi na mbao au chochote kitakachopatikana Tabora, na kuna maneno tunaambiana wakati wa kupakia mpaka yamekuwa kama dini.

Baba yao ni hili, eti mzigo mzito haukimbii, unajikalia kwa uzito wake. Uongo bana. Ukikanyaga breki kinachosimama ni gari, mzigo wenyewe unataka kuendelea na spidi ileile, na kadri ulivyo mzito ndo unavyosukuma zaidi, kwahiyo faida yote ya uzito inaliwa na uzito huohuo. Kiwango cha Ulaya cha EN 12195 kinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, pembeni na nyuma asilimia 50. Sasa mbao kavu juu ya bodi ya mbao msuguano unakupa kama 40 na kitu, nondo juu ya bati la chuma ni 20 hivi tu, afu weka na mawese yaliyomwagika (bodi gani ya Kigoma haijawahi kunywa mawese?). Zinazobaki lazima zitoke kwenye kamba au kwenye ukuta wa mbele. Mi nilijifunza karibu na Uvinza, mbuzi kakatiza, nimeshika breki wala sikuwa mbio, mbao za mninga zikateleza zote kwa pamoja zikaja kugonga nyuma ya kebini, tingo aliyekuwa anasinzia akaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nimeacha nafasi ya mita nzima kati ya mbao na ukuta wa mbele, ndo zilipopatia mbio. Siku hizi kitu cha kwanza ni kusogeza mzigo uguse kabisa, mikanda baadaye.

Halafu mkanda wa kufungia mzigo. Watu wanaona kwenye lebo imeandikwa LC 2500 daN (daN moja ni kama uzito wa kilo moja) wanasema unabana tani mbili na nusu. Hapana, hiyo ndo nguvu ambayo mkanda unaweza kuvutwa, ila nguvu unayoiacha baada ya kukaza kwa mkono imeandikwa STF kwenye lebo hiyohiyo ya bluu, na mara nyingi ni kama kilo 300 na ushee. Mikanda miwili juu ya tani nne za mbao ni mapambo. Na kama mzigo ni mfupi kwa kimo mkanda ukalala, tuseme digrii 30 na sakafu, hapo nusu ya mkandamizo imeshapotea, na ukikatika ukaupiga fundo jua umebaki na nguvu nusu hivi.

Turubai halishiki mzigo, linazuia mvua na vumbi, basi. Mpira wa tyubu nao unavutika, na kitu kinachovutika kinauruhusu mzigo uanze safari.

"Nimekaza Kigoma, nitafungua Tabora" hii nayo imeangusha wengi. Magunia ya dagaa yana hewa kibao, yakipigwa na matuta kidogo yanashuka, na kamba iliyokuwa inalia kama gitaa inakuwa ya kuanikia nguo. Mi nasimama Kidahwe nakaza upya, nikifika Uvinza naangalia tena, dakika tano tu, abiria wa mbele anune asinune.

Na tingo kukaa juu eti ashikilie godoro au pipa? Huyo ni mzigo wa pili ambao haujafungwa.

Vilivyolegea kwenye gari lenyewe navyo vina uongo wake. Bampa ukilifunga na waya leo, mtikisiko unaukunja waya palepale kila sekunde mpaka unachoka unakatika, weka bolti yenye washa na nati mbili. Na ukibadilisha tairi usiseme nati nimezikalia na wilispana zimeisha, baada ya kilomita 50 mpaka 100 zikaze tena, maana rimu inakuwa imejikalisha vizuri na nati zinapata nafasi ya kulegea.