Maswali magumu ya mwanga kupinda: dhana potofu na ukweli

Dhana: Swali gumu ni lenye namba mbaya.

Kumpa mwanafunzi pembe ya nyuzi 37.4 na kipimo cha mpindo (namba inayoonyesha kitu hupinda mwanga kiasi gani) cha 1.523 ni kupima kikokotoo chake. Swali linaweza kukosa namba kabisa na bado likamtoa jasho. Kwa wanafunzi wa Tanga, waliokua wakiwaona wavuvi, mimi hupenda hili: mvuvi kasimama juu ya mwamba pale Raskazone, anamwona tasi majini kwa mshazari. Ana mkuki. Mwenzake kasimama palepale, mkononi ana tochi ya leza. Kila mmoja alenge wapi ili ampate samaki?

Wengi hukimbilia kusema wote walenge chini kidogo. Kwa mkuki ni kweli, maana samaki huonekana juu ya pale alipo na mkuki huenda moja kwa moja. Leza ni mwanga. Nayo hupinda ikigusa maji, na hufuata njia ileile iliyoleta sura ya samaki machoni, ila kinyumenyume. Kwa hiyo wa leza alenge palepale anapomwona. Kanuni ya Snell, inayounganisha pembe ya mwanga hewani na ya majini (ambayo mwanahisabati Ibn Sahl aliiandika Baghdad mwaka 984, karne kadhaa kabla ya Snell) darasa zima linaijua kwa moyo, na hapa haimwokoi mtu asiyechora.

Dhana: Kimiminika kizito ndicho kinachopinda mwanga zaidi.

Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, lakini kipimo chake cha mpindo ni kama 1.45, maji 1.33. Mwaga tabaka la mafuta hayo juu ya maji kwenye beseni, kisha uliza: mwanga ukitua kwenye mafuta kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka mstari wa wima, majini utakuwa na pembe gani? Na mafuta yakiondolewa? Ni nyuzi 29 hivi, mara zote mbili. Tabaka la mafuta husogeza tu mahali mwanga unapoingilia majini. Anayeliona hilo hafanyi hesabu ya pili.

Dhana: Mwanga ukizidi nyuzi 49 kutoka mstari wa wima kwenye uso wa maji, wote huakisiwa.

Ukitoka majini kwenda hewani, ndiyo. Ukitoka hewani, kamwe. Mpe mwanafunzi nyuzi 60 kutoka hewani, uone atakavyokimbilia jibu.

Dhana: Kina huonekana robo tatu ya kina halisi.

Maji ya mita 2 huonekana kama mita 1.5 ukiyatazama wima kutoka juu. Kwa mshazari huonekana mafupi zaidi. Basi usiombe namba. Uliza kama nanga iliyo chini itaonekana kupanda au kushuka kadiri dau linavyosogea mbali nayo. Hupanda.

Dhana: Jibu likiwa sahihi, alama zote zimepatikana.

"Palepale" na "hupanda" mtu anaweza kubahatisha. Swali la leza likiwa na alama 5, jibu lipewe 1 tu. Nne zilizobaki ni za mchoro: mstari wa wima, mishale yenye mwelekeo, pembe ya hewani kubwa kuliko ya majini, na samaki wawili, yule halisi na yule anayeonekana.