Usihesabu makala za mtafiti, angalia alivyowafuata watoto

Kuna wanafunzi wananiletea majina, "Dokta, huyu mtafiti wa watoto njiti ana makala mia mbili, atatufaa?" Mia mbili nyingi kweli, lakini mie orodha kama hiyo sihesabu, mana hizi tafiti za nchi nyingi makala moja inaweza kubeba majina hamsini, na la huyo wenu likiwa katikati huko huwezi kujua alifanya nini. Kwa kawaida jina la mwanzo ndo la aliyeibeba kazi na la mwisho ndo la mkubwa wao. Anzieni hapo.

Khalafu tizameni wiki za mimba walizijuaje. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37, sasa huku kwetu mama anakwambia siku zake aliziona mara ya mwisho kama Ramadhani hivi, mwanzo au mwisho hana hakika, na hapo ushapotea, kwa sababu mtoto wa kilo mbili anaweza kuwa njiti na anaweza kuwa katimiza miezi yake ila hakukua vizuri tumboni, na hawa wawili maendeleo yao hayaendi sawa. Ndo mana mie naipenda kazi ya AMANHI, utafiti wa kina mama na watoto wachanga uliofanyika hapa Pemba, Sylhet kule Bangladesh na Karachi Pakistan, kina mama walipigwa ultrasaundi mapema mimba ikiwa changa. Ghali, lakini ukisoma unajua njiti wao ni njiti kweli.

Umri nao. Aliyezaliwa wiki ya 30 unamtolea wiki 10 kwenye umri wake, zile zilizobaki kufika 40, kabla ya kusema kachelewa kukaa au kutambaa, na tunafanya hivyo mpaka miaka miwili. Makala isiyosema kama ilirekebisha umri mie naisoma nusu nusu.

Lakini kubwa zaidi ni kuzisoma makala kwa mfululizo. Chukua madini ya chuma. Mwaka 2001 Rebecca Stoltzfus na wenzake walitoa makala kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, watoto wa Pemba chini ya miaka mitano walipewa chuma kila siku mwaka mzima, lugha ikaboreka, na wale wenye damu chini sana hata viungo vikachangamka. Ungesoma hiyo tu ungetoka mbio kugawa chuma kila nyumba. Sasa njoo 2006, jarida jengine la tiba, Lancet, jina la mwanzo Sunil Sazawal na Stoltzfus mwenyewe yumo, kisiwa hikihiki, watoto zaidi ya 24,000, na wale waliopewa chuma na foliki asidi walionekana kulazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, kiasi cha asilimia 12, mpaka sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mwaka 2003. Malaria miaka ile Pemba ilikuwa balaa, sio hii ya sasa. Na ndani ya jaribio hilo kuna utafiti mdogo ambao watu wengi wanauruka, watoto walipimwa damu na malaria ikafuatiliwa kwa karibu, waliokuwa na upungufu wa chuma kweli wakafaidika. Kwahiyo chuma si dawa wala si sumu, inategemea nani anapewa na nani anamwangalia.

Njiti sasa anaingiaje? Akiba ya chuma mtoto anaipata zaidi miezi mitatu ya mwisho tumboni, njiti anatoka kabla hajajaziwa, ndo mana WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wakapendekeza njiti anayenyonya maziwa ya mama na hapati chuma kwengine aongezewe. Mzazi aliyesikia habari za ile ya 2006 mtaani anakataa matone, na mie simlaumu, ila inabidi nikae nimweleze wale walikuwa watoto wa aina zote wakipewa bila kupimwa wakati malaria imejaa.

Huyo mtafiti wenu mwenye mia mbili, nitumieni makala aliyotoka yeye wa mwanzo, na ile ambayo njiti walewale aliowaanza wodini walipimwa tena wakiwa wameshaanza skuli. Kama ipo.