Duka linasema lipo Mbeya, mzigo unatoka China: namna ya kulitambua kabla hujalipa

Mwaka 2025 tume inayolinda walaji nchini Australia, ACCC, ilitoa onyo kwa umma kuhusu maduka ya mtandaoni yaliyobandika majina ya miji kama Melbourne na Adelaide kwenye anwani za tovuti zao. Yalijitambulisha kama maduka ya mtaani, kumbe bidhaa zilitoka ng'ambo na ubora wake haukufanana na picha. Maduka ya namna hii hujengwa kwa kiolezo kimoja: picha zilezile, maelezo yaleyale, hubadilika jina la mji tu. Kuandika Mbeya au Iringa palipokuwa na Melbourne ni kazi ya dakika chache, hasa msimu wa baridi ya Juni na Julai ambapo kila mtu huku Nyanda za Juu anatafuta koti au blanketi zito.

Niweke jambo moja sawa kwanza. Kuuza bidhaa ya China si kosa. Sehemu kubwa ya mali iliyopo Kariakoo na soko letu la Mwanjelwa hapa Mbeya imetoka huko. Kosa ni kudanganya mahali ulipo. Muuzaji akiwa Mwanjelwa, koti lisipokutosha unalirudisha siku hiyohiyo. Akiwa Guangzhou na wewe ukaamini yuko Mwanjelwa, umepoteza haki hiyo bila kujua.

Kwa hiyo mimi huanza na njia ya mzigo, si sura ya tovuti. Teremka mpaka chini kabisa ya ukurasa, fungua masharti ya usafirishaji. Mwenye mali Mbeya mjini atakuletea kwa bodaboda leo au kesho. Hata mali ikiwa Dar es Salaam, mzigo wa basi hupakiwa leo ukachukuliwa stendi kesho yake. Ukikuta “siku 7 hadi 15 za kazi”, yaelekea mali haipo nchini, hata kama juu ya ukurasa pameandikwa “duka lako la Mbeya”.

Kisha soma masharti ya kurudisha bidhaa, neno kwa neno. Tafuta anwani. Mara nyingi haipo. Utaambiwa uandike barua pepe kwanza ndipo uelekezwe. Anwani hiyo hutolewa baada ya ugomvi kuanza, na huwa ya ghala la China, gharama za kurudisha zikiwa juu yako. Hapo hesabu inagoma: kutuma sweta China kunaweza kuzidi bei ya sweta lenyewe. Ukiendelea kudai, unapewa ofa ya kubaki na bidhaa urudishiwe asilimia 20, ukikataa asilimia 30, kisha 40. Hawatafuti suluhu. Wanangoja uchoke.

Njia ya pili ni ya pesa, na kwetu hii inasema mengi kuliko ilivyo Ulaya. Duka la Mbeya lisilopokea M-Pesa, Airtel Money wala Mixx by Yas, linalotaka namba za kadi ya benki peke yake, si duka la Mbeya. Omba Lipa Namba. Ukiiingiza kwenye simu, jina la biashara hutokea kabla hujathibitisha malipo. Lilinganishe na jina la duka. Ukipewa namba ya mtu binafsi yenye jina lisilohusiana na duka, simama hapohapo. Muulize pia jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ulitafute kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na TIN, namba ya mlipakodi, ambayo ina tarakimu 9. Mwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anaweza kukuonyesha ya mauzo ya jana, ukaihakiki kwenye tovuti ya TRA.

Bei nayo itazame. Muuzaji wa hapa hupanga 45,000 au 50,000. Ukikuta 48,731, na kesho yake 48,906, hiyo ni dola inayobadilishwa na mashine.

Umri wa tovuti ni rahisi kuupata. Nenda lookup.icann.org, andika anwani ya tovuti, tafuta tarehe ya kusajiliwa. Duka linalodai kuwahudumia wakazi wa Iringa tangu 1998, huku tovuti ikiwa na wiki 6, lina maswali ya kujibu. Peke yake hiyo si hukumu, maana duka kongwe linaweza kufungua tovuti leo. Vilevile .co.tz si hakikisho la uaminifu, na kukosa .co.tz si dalili ya utapeli. Wauzaji wengi waaminifu wako Instagram na WhatsApp tu.

Kwenye Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Utaona lini ulifunguliwa, majina uliyowahi kutumia, na mara nyingi nchi walipo wanaouendesha. Ukurasa uliokuwa wa vifaa vya uvuvi mwaka jana, leo ni “Mbeya Fashion”, huenda umenunuliwa pamoja na wafuasi wake.

Hadithi ya mama na binti wanaofunga duka kwa majonzi, punguzo asilimia 70, isikuyeyushe. Chukua picha ya duka uitafute kwa Google Lens. Mara nyingi utaikuta kwenye maduka mengine yenye majina ya miji mingine. Ile saa inayohesabu dakika za ofa, funga ukurasa ufungue upya kwenye dirisha la faragha: ikianza tena mwanzo, ofa haina mwisho. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuomba simu ya video, muuzaji ageuze kamera kuelekea barabarani. Aliye Mbeya hatasumbuka.

Kama umeshalipa, subiri namba ya kufuatilia mzigo. Za posta zina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi mzigo ulikotoka. Ikiishia CN, mzigo umetoka China; wa hapa ungeishia TZ. Ulilipa kwa kadi? Nenda benki yako ukafungue pingamizi la malipo kwa maandishi, mapema. Kwa Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120, na ahadi za muuzaji za “subiri wiki nyingine mbili” huula muda huo taratibu. Malalamiko yapeleke pia Tume ya Ushindani, FCC.

Piga picha za skrini siku ileile unayolipa: ukurasa wa bidhaa, sentensi inayodai duka lipo Mbeya, masharti ya kurudisha, na uthibitisho wa oda. Benki itaziomba, na tovuti za aina hii huzimwa ghafla.