Msalaba wa Mtakatifu Brigida ni nini, na husukwaje?

Msalaba wa Mtakatifu Brigida ni msalaba wa nyasi unaosukwa huko Ayalandi jioni ya tarehe 31 Januari, mkesha wa sikukuu ya mtakatifu huyo wa Kildare, mji wa nchi hiyo. Tarehe 1 Februari, siku iitwayo pia Imbolc, ndiyo inayofungua majira ya kuchipua kwa hesabu ya kale ya Waayalandi, na tangu 2023 sikukuu hii ina mapumziko yake ya kitaifa. Msalaba hutundikwa juu ya mlango au kuchomekwa kwenye paa, uwe kinga ya moto, maradhi na njaa.

Nyasi zake huota penye majimaji: mashina ya mviringo yasiyo na majani, yenye kiini cheupe chororo. Kwa desturi hung'olewa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu. Mahali pengine aliyezibeba alisimama nje ya mlango kwa niaba ya Brigida na kuomba Brigida aruhusiwe kuingia. Waliokuwa ndani walipiga magoti na kujibu kwamba amekaribishwa. Ndipo kazi ilipoanza.

Andaa mashina kama 30 ya unene unaolingana, kila moja la sentimita 30 hivi. Shika la kwanza wima. Kunja la pili katikati, likumbatie kiuno cha lile la kwanza, ncha zake mbili zielekee kulia. Bana makutano kwa vidole, kisha geuza kazi yote robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa, ncha hizo sasa zielekee juu. Shina la tatu hukunjwa vivyo hivyo: likumbatie yote yanayoelekea juu, ncha zake kulia. Geuza tena. Endelea hivyo hadi mraba wa katikati ujae, kisha funga mikono minne kwa uzi na usawazishe ncha kwa mkasi.

Wengi huharibu kwenye kugeuza. Ukibadili upande mara moja tu, mraba hupotea, na hakuna dawa ila kufumua hadi palipokosewa. Kosa la pili ni kulegeza. Nyasi mbichi hunywea zikikauka, kwa hiyo kila pindo livutwe hadi libane lililotangulia, na nyuzi zikazwe upya baada ya siku chache. Shina likivunjika unapolikunja, limekauka mno. Minya kwanza kwa kidole mahali pa kukunja, na sehemu za kahawia uzitupe.

Upo pia msalaba wa mikono mitatu, uliotundikwa zizini kulinda ng'ombe. Wa nyumbani haukuondolewa mwaka ulipoisha: familia nyingi ziliuacha darini na kuongeza mpya kando yake, hata paa likakusanya misalaba ya miaka mingi, iliyokolea moshi wa mekoni.