"Ni karatasi tu": dhana za kijiweni kuhusu ahadi za tabianchi

Kwenye kijiwe cha kahawa Majengo, hapa Dodoma, kashata haijaisha mtu keshasema: "Haya mambo ya Paris ni karatasi tu. Nani atawakamata?"

Nusu yake ni kweli. Mkataba wa Paris wa 2015, ambamo nchi huahidi kupunguza gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, hauna polisi wala faini, na kamati inayofuatilia utekelezaji wake si mahakama: kifungu cha 15 kinasema haiadhibu. Kila nchi hujipangia lengo, kisha hulileta upya kila miaka 5. Ila mahakama zipo kwingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliiamuru serikali kupunguza gesijoto kwa angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990. Walioshtaki ni taasisi na raia wa hukohuko. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu, ilisema nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na ukikiukwa fidia inaweza kudaiwa. Ni maoni, si hukumu. Lakini wakili gani atayaacha kabatini?

"Rais akishasaini, yamekwisha." Hapana. Tanzania ilisaini Paris Aprili 2016, ikaridhia 2018, na kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, hapahapa mjini kwetu. Mbunge wako anaulizika.

"Hatuna viwanda, hayatuhusu." Mwaka 2021 Tanzania yenyewe iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Tazama magunia ya mkaa barabarani, utajua pa kuanzia.

Lililo zito ni hili: "Asilimia 30 ya ardhi itahifadhiwa, tutahamishwa." Lengo hilo, la 3 katika mpango wa kimataifa wa kulinda viumbe hai uitwao Kunming-Montreal, Desemba 2022, ni la dunia nzima, bara na bahari, si kipimo cha kila kijiji, na limetaja haki za wenyeji. Hata hivyo siwacheki wazee wa Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulipoondoa mifugo huko mwaka 1979, makorongo yalianza kuota majani. Aliyeswaga ng'ombe wake kuwatoa nje ya mpaka anakumbuka fimbo kabla ya majani. Kwa hiyo afisa akija na ramani kwenye mkutano wa kijiji, mwombeni asome lengo lote kwa sauti, hadi pale panapotaja haki zenu, asiishie kwenye namba 30.