Fangasi wa kunasa metali kwenye vipimo vya maji, maana yake nini hasa

Wengi wakisikia fangasi na metali wanajua ni habari za kusafisha maji machafu, hapana, hapa tunaongelea kupima. Yaani unatumia seli za fangasi kunasa risasi, kadimiamu au shaba iliyomo kidogo mno kwenye maji, unaikusanya sehemu moja ndo mashine iweze kuiona.

Ishu iko hivi, Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na mashine ya kupima kwa mwali wa moto, ambayo ndo maabara nyingi zinaimudu, kwenye kiwango hicho inababaisha, namba zinacheza tu. Sasa unachukua maji nusu lita unayapitisha taratibu kwenye kibomba chenye fangasi, risasi inabaki humo maji yanatoka, afu unamimina asidi mililita 5 tu na risasi inaachia inashuka nayo. Nusu lita imeingia kwenye mililita 5, mara 100 hiyo, kwahiyo ile mikrogramu 10 inasomeka kama 1000 na mashine ya kawaida kabisa inaisoma vizuri. Mi naona hapa ndo uzuri wote ulipo, maabara ndogo inapata jibu la kuaminika bila kununua mashine ya mamilioni.

Fangasi wenyewe ni wa kawaida sana: hamira ya mikate, au Aspergillus niger, ule ukungu mweusi wa kwenye vitunguu. Na wanatumika wakiwa wamekufa, wamekaushwa na kusagwa, maana mfu hahitaji chakula na sumu ya metali haimfanyi kitu. Kinachonasa ni ukuta wa seli, una kitini (ileile ya ganda la kaa) na vikundi vya kaboksili na fosfeti vinavyovuta ioni za metali, yaani metali yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka majini. pH (kipimo cha uasidi, ikishuka uasidi unapanda) ikiwa 5 au 6 hivi metali nyingi zinashika, ukiishusha sana, haidrojeni ya asidi inachukua nafasi zao zinaachia, ndo mana asidi inazing'oa.

Unga wa fangasi peke yake unaziba kibomba, kwahiyo unagandishwa juu ya kitu kingine. Watafiti wa Uturuki wametumia sana sepiolaiti, udongo mweupe unaochongewa viko vya kuvutia tumbaku kule Eskişehir, na huku kwetu umewahi kuchimbwa Sinya, Tanzania, karibu na Amboseli.

Kingine ni kutenganisha sura za metali moja. Mfano kromiamu, ina sura mbili, ya 3 na ya 6: ya 3 inashika kwenye pH hiyo ya 5 au 6 ila ya 6, ambayo ndo hatari, inapita kwa sababu chaji yake ni hasi, hapo unajua ipi ni ngapi.

Ila maji ya bahari au ya chumvi nyingi yanasumbua, kalsiamu inagombania nafasi. Kabla ya kuamini namba ongeza kwenye sampuli risasi unayojua kiasi chake uone kama yote inarudi, ikirudi nusu badilisha pH au punguza kasi ya maji.