Dawa zinazofungua chaneli za sodiamu, na jinsi zinavyotoa adrenalini

Bodaboda ikikukosakosa unapovuka Tom Mboya Street, moyo hudunda kabla hujaelewa kilichotokea. Neva zimefanya sehemu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine ni ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, tezi za adrenali, zinazomwaga adrenalini kwenye damu. Hayo yamo kwenye vitabu vya sekondari. Kisichozungumzwa sana ni kwamba seli za tezi hiyo zinaweza kumwaga homoni hata zikiwa kwenye kisahani cha maabara, bila bodaboda wala hofu, kwa sababu tu kemikali fulani imegusa chaneli zao za sodiamu.

Kwa kweli kila tezi ya adrenali ni tezi mbili zilizofungwa pamoja. Tabaka la nje hutengeneza homoni kama kotisoli na aldosteroni, na hilo tuliache. Sehemu ya ndani, medula, imejaa seli ziitwazo kromafini. Katika kiinitete, seli hizi hutoka chimbuko moja na baadhi ya neva, ndiyo maana nazo huendeshwa kwa umeme. Kila moja imebeba maelfu ya vifuko vidogo vyenye adrenalini au noradrenalini.

Seli ikitulia, upande wake wa ndani huwa hasi ukilinganishwa na nje, kwa takriban milivolti 50 hadi 60. Sodiamu iliyo nje ni kama mara kumi ya iliyo ndani. Kwa hiyo sodiamu ina kila sababu ya kuingia: nje imejazana, na chaji yake chanya inavutwa na uhasi wa ndani. Kinachoizuia ni utando wa seli. Chaneli ya sodiamu ni protini iliyopenya utando huo. Umeme ukibadilika kidogo hufunguka, hupitisha sodiamu kwa takriban milisekunde moja, kisha hujifunga yenyewe.

Hapo ndipo veratridini inapoingilia. Ni kemikali inayopatikana kwenye mimea ya jamii ya Veratrum na kwenye mbegu za sabadila za Mexico. Hujishikiza kwenye chaneli iliyofunguka na kuinyima nafasi ya kujifunga, mithili ya makanga aliyeweka mguu mlangoni mwa matatu: gari linataka kuondoka, abiria bado wanaingia. Sodiamu huendelea kumiminika, na uhasi wa ndani hupungua. Sumu ya vyura wadogo wa Colombia, batrakotoksini, hufanya mchezo huohuo kwa ukali zaidi.

Wengi huteleza hapa. Husema sodiamu ndiyo inayosukuma homoni nje. Sivyo. Umeme ukishabadilika, chaneli za aina nyingine, za kalsiamu, nazo hufunguka, na kalsiamu inayoingia ndiyo inayofanya vifuko viungane na utando na kumwaga vilivyobeba. Mwaka 1961 William Douglas na Ronald Rubin walionyesha jambo hili kwa tezi za paka: walipoondoa kalsiamu kwenye maji yaliyopitishwa ndani ya tezi, asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuiamrisha medula, ilishindwa kutoa homoni. Sodiamu huanzisha, kalsiamu humaliza.

Chumvi ina sodiamu; je, ukiila nyingi adrenalini itamwagika? La. Figo hudhibiti kiwango cha sodiamu kwenye damu, na hata hivyo sodiamu ya nje tayari inatosha tele. Suala ni kufunguka kwa chaneli.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa bunju, yule samaki anayejivimbisha. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba chaneli ya sodiamu kutoka nje. Chukua seli za kromafini za ng'ombe, ambazo watafiti huzipata kwa tezi za machinjioni, uzitie tetrodotoksini kwanza, kisha veratridini: homoni haitoki. Lakini ukitia asetilikolini badala ya veratridini, sehemu kubwa ya homoni bado hutoka. Sababu ni kwamba asetilikolini ina mlango wake, kipokezi cha nikotini, ambacho chenyewe hupitisha sodiamu na hata kalsiamu kidogo. Kwa hiyo dawa ya chaneli za sodiamu ni njia moja tu ya kuifikia kalsiamu.

Kenya ina mfano wake wa karibu. Pareto inayolimwa Nakuru, Nyandarua na Kisii hutoa pairethrini, na kemikali hizo pia huchelewesha kufungwa kwa chaneli za sodiamu, ila shabaha ni neva za wadudu. Kunguni wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, hana tezi za adrenali. Neva zake hurusha ishara mfululizo hadi anapooza. Binadamu huvunja pairethrini haraka mwilini, ingawa hiyo si ruhusa ya kuivuta dawa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa.

Upande wa pili wako lidokaini na dawa nyingine za ganzi, zinazoziba chaneli. Kwenye seli za kromafini za maabara, lidokaini hupunguza homoni inayotoka. Ukienda kung'olewa jino, tazama kile kichupa cha kioo kabla hakijaingizwa kwenye sindano. Mara nyingi kimeandikwa lidokaini asilimia 2 na adrenalini 1:80,000, yaani mikrogramu 12.5 kwa kila mililita. Adrenalini imewekwa kubana mishipa ya damu ili ganzi ikae. Moyo ukienda mbio punde baada ya kudungwa, huenda ni hiyo ya kichupani, au ni tezi zako zilizoiona sindano, au zote mbili. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari mapema, kabla ya kufungua mdomo.